Roketi ya chupa ya soda: namna ya kuiunda na kuirusha kwa pampu ya baiskeli

Shule zikifungwa tu, mlango wangu hapa Kisumu hauna amani. Vijana wa mtaani wanakuja wawili wawili na swali ni lile lile: "Anko, tufundishe kuunda bunduki ya hewa." Jibu langu pia ni lile lile. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, inaihesabu bunduki ya hewa kuwa silaha, na kueleza kituoni kwamba ulikuwa unacheza tu ni kazi ngumu. Halafu mabomba ya PVC wanayotaka kuyajaza hewa yametengenezwa kupitisha maji. Yakipasuka yana hewa ndani hayachaniki, yanavunjika vipande vikali kama gilasi. Usijaze hewa kwenye PVC, iwe kwa mchezo huu au mwingine wowote.

Ila nikimdadisi kijana vizuri naona hataki bunduki. Anataka kupampu kitu, asikie "pwaa!", akione kikipotea juu. Hilo linawezekana kwa chupa ya soda. Maelezo haya nimeyarudia mdomoni mpaka nimechoka, kwa hiyo nayaandika mara moja.

Nadharia ni fupi: hewa iliyobanwa ndani ya chupa inasukuma maji yatoke mdomoni kwa kasi, na chupa nayo inasukumwa kwenda upande wa pili. Maji yanatiwa kwa sababu ni mazito kuliko hewa. Chupa isiyo na maji inaruka kidogo tu na kuanguka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Chupa ya soda ya lita 2. Nasema ya soda, si ya maji ya kunywa, si ya juisi, si ya mafuta ya kupikia. Soda ina gesi, na chupa yake imetengenezwa kuhimili presha hiyo. Utaijua kwa kitako chake chenye vidole vitano. Chupa ya maji ni nyembamba na itakupasukia. Tafuta tatu: moja ya kuruka, moja ya kukatwa, moja ya akiba. Ziwe mpya, zisizo na mkunjo wala mkwaruzo. Iliyookotwa kwenye mtaro iache huko huko.

Pampu ya baiskeli ya kusimama, yenye geji. Hiki ndicho kitu cha bei, na hakina mbadala. Pampu isiyo na geji inakufanya ubahatishe, na kompresa ya petroli stesheni ni hatari zaidi, kwa maana inaweza kuvuka psi 100 (psi ni kipimo cha presha utakachosoma kwenye geji) kabla hujageuza shingo.

Valvu moja ya chuma ya tubeless ya pikipiki, ile inayofungwa kwa nati na ina raba chini. Duka lolote la spea za boda boda linayo. Nunua pamoja na waasha pana mbili zinazopita kwenye shina lake, zisizozidi upana wa mdomo wa chupa kwa ndani, ambao ni kama milimita 22.

Lapa moja kuukuu, yaani slipa ya mpira. Ya mguu wowote.

Mpira wa hewa wa mita 6, wenye tundu sawa na la mpira wa pampu yako, na klipu nne za kubana. Enda dukani na pampu mkononi, usikadirie kwa macho.

Vipande viwili vya paipu ya shaba ya robo inchi, kila kimoja sentimita 5. Fundi wa friji huwa na mabaki kwenye kisanduku chake. Wangu wa Kondele alinipa bure, ila alitaka kwanza kujua ni za nini, na tangu siku hiyo haachi kuuliza roketi imefika wapi.

Ubao wenye upana wa sentimita 30 hivi, matofali manne, msumari wa kupinda, kamba ya manila mita 8, selotepu pana, kisu kikali, mpira wa tenisi uliochakaa, na udongo wa mfinyanzi kiasi cha kujaa kiganja. Kwa mapezi, tafuta lile boadi la plastiki lenye mifereji ndani linalotumiwa kwa mabango ya kampeni. Uchaguzi ukiisha linapatikana kila nguzo, na sioni matumizi bora zaidi ya ahadi zile.

Miwani ya kukinga macho, kwa kila atakayekuwa karibu. Hata ile ya fundi wa welding inafaa.

Hatua za kazi

1. Refusha mpira wa pampu. Ukate katikati. Ingiza kipande cha shaba nusu kwenye mpira wa upande wa pampu na nusu kwenye mpira mrefu, ubane kwa klipu pande zote mbili. Fanya vivyo hivyo upande wenye kichwa cha pampu. Kabla ya kuingiza, piga msasa ncha za shaba zisichane mpira kwa ndani. Sasa geji imebaki kwako na kichwa kiko mita 6 mbali. Ukiniuliza sehemu muhimu kuliko zote katika mwongozo huu, ni hii. Wengi huiruka kwa kuwa roketi inaruka hata bila hiyo. Ni kweli inaruka, lakini wewe umeinama juu yake.

2. Pima chupa kwa maji. Toboa kifuniko cha chupa katikati kwa msumari uliopashwa moto, upanue tundu taratibu mpaka shina la valvu lipite kwa kubana. Valvu iingie kutoka ndani, raba yake ikae chini ya kifuniko, kisha funga waasha na nati kwa nje. Jaza chupa maji mpaka yafurike, funga kifuniko, ilaze kwenye beseni, unganisha pampu, sogea mbali, upampu mpaka psi 70. Itachukua mipigo michache tu kwa kuwa hewa ni kidogo. Maji hayabaniki kama hewa, kwa hiyo chupa mbovu ikipasuka sasa inachanika na kumwaga maji, basi. Ngojea dakika 2. Ikishikilia, rudi, fungua kichwa cha pampu, bonyeza moyo wa valvu, ile pini ya katikati, presha itoke. Itazame chupa kwenye mwanga wa jua: ukiona michirizi myeupe kwenye kitako au shingoni, itupe. Roketi yenyewe hatutaivusha psi 40, lakini ni lazima ujue kwamba 70 inaiweza.

3. Tengeneza kizibo. Toa valvu kwenye kifuniko, utaitumia hiyo hiyo. Bonyeza mdomo wa chupa kwenye lapa uache alama ya duara, kisha kata ukifuata ukingo wa ndani wa alama. Kisu kikitiwa maji ya sabuni kinapita kama kwenye siagi. Toboa katikati kwa msumari wa moto. Kata vipande vingine hivyo hivyo, uvitunge kwenye shina la valvu mpaka vifike kama sentimita 2, weka waasha, kisha nati. Acha sehemu ya kutosha ya shina nje kwa ajili ya kichwa cha pampu. Moyo wa valvu ubaki ndani, ndio unaozuia maji yasishuke kwenye mpira.

Hapa ndipo kuna ufundi. Nati ikiwa imelegea, kizibo kinaingia mdomoni kwa kuteleza. Ukiikaza, lapa linabanwa kati ya waasha na kitako cha valvu, halina pa kwenda, linatanuka kwa pembeni na kuushika mdomo wa chupa. Robo mzunguko wa spana unaleta tofauti kubwa. Anza kwa kuikaza kiasi kwamba ukivuta kizibo kwa mkono kinatoka kwa shida lakini kinatoka. Kwa psi 40 hewa inasukuma kizibo kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 10 hivi, kwa hiyo usidhani mkono wako ndio kipimo cha mwisho. Kipimo ni geji, utakiona hatua ya 8.

4. Kata mapezi matatu kwenye boadi, kila moja urefu wa sentimita 12 na upana wa 8. Yabandike kwa selotepu upande wa mdomo, umbali sawa kati yao, na yaishie juu ya mabega ya chupa yasije yakagusa ubao. Kila pezi lipate selotepu pande zote mbili, na mkanda mmoja wa kuzunguka chupa yote.

Usitumie gundi ya moto wala superglue. Gundi ya moto inailegeza chupa pale pale ilipogusa, na superglue inafanya plastiki iwe kavu na kuvunjika. Kwa macho huoni kitu. Utaona kwenye psi 35.

5. Tengeneza pua. Kata sehemu ya juu ya chupa ya pili, ivalishe kwenye kitako cha roketi. Kata mpira wa tenisi nusu, jaza udongo wenye uzito wa gramu 50 hivi, ufunike nao ile ncha, ukaze kwa selotepu. Pua iwe butu na laini. Usiweke chuma, jiwe wala kitu chenye ncha, kwani kitu hiki kitarudi chini.

6. Ipime kama itaruka sawa. Funga uzi katikati ya roketi pale inapolala mlalo bila kuinama, kisha izungushe juu ya kichwa kama kombeo. Pua ikitangulia, umefaulu. Ikitangulia kwa mkia au kuyumbayumba, ongeza udongo kwenye pua kidogo kidogo.

7. Tengeneza jukwaa. Toboa ubao tundu la sentimita 4 katikati, uupandishe juu ya matofali uache nafasi ya sentimita 25 chini. Chupa itasimama kichwa chini, shingo ikipita kwenye tundu na mabega yakikalia ubao. Chini kabisa pigilia kigingi ardhini chenye ule msumari uliopindwa kama ndoano. Kamba ya manila itafungwa kwenye kichwa cha pampu, ipite kwenye ndoano, ije mpaka kwako. Ukivuta kamba, kizibo kinavutwa chini huku ubao ukizuia chupa isifuate. Hicho ndicho kifyatulio chako, na pia njia yako ya kujiokoa roketi ikigoma.

8. Fanya jaribio la kwanza bila mbwembwe. Tia maji theluthi moja, kama mililita 650. Ziba, geuza, simamisha kwenye jukwaa lililoinamishwa kama hatua ya 9 inavyosema, unganisha kichwa cha pampu, funga kamba. Rudi mita 6. Pampu polepole ukitazama geji. Utaona mapovu yakipanda ndani ya chupa kwa kila mpigo, na hiyo ni dalili njema. Kizibo kikitoka chenyewe chini ya psi 25, kaza nati robo mzunguko. Kikifika 40 bila kutoka, acha kupampu, hesabu kwa sauti, vuta kamba. Kikikataa hata kwa kamba, kilikuwa kimekazwa mno: ngojea, vuta tena kwa mkupuo, na mara ijayo legeza.

9. Rusha. Inamisha jukwaa kidogo, ukitia kipande cha mbao chini ya tofali moja, roketi ielekee mbali na watu. Ikienda wima kabisa, itaanguka wima kabisa, na aliye chini ni wewe. Kila mtu awe nyuma ya mwenye pampu. Mtoto mmoja apewe kazi ya kutazama angani tu, apige kelele inapogeuka kushuka. Wasikimbilie kuidaka.

10. Baada ya kila mruko, kagua chupa kabla ya kuijaza tena. Ikiangukia kichwa kwenye udongo mgumu na kupata mkunjo, imestaafu.

Mahali na saa

Uwanja wa shule wakati wa likizo, ukiwa umeomba ruhusa. Nyaya za umeme ziwe mbali kabisa, na roketi ikinasa kwenye waya imekwenda, usiitolee mti wala fimbo. Huku Kisumu usifikirie kabisa upande wa uwanja wa ndege. Upande ule wa Usoma una nafasi nzuri kwa macho, lakini ndege zinashuka hapo.

Enda asubuhi. Kuanzia mchana upepo unatoka ziwani kuingia nchi kavu na unazidi kuelekea alasiri, roketi inabebwa mpaka mapaa ya watu. Sisi tulipoteza moja ya maana sana saa tisa alasiri, ikatua juu ya kibanda cha mama anayeuza omena. Mama hakukasirika. Aliiona ina maji, akasema chupa kumbe haijatoboka, akaitia mafuta ya taa. Mpaka leo ipo pale, na mapezi yake.

Makosa ninayoyaona kila mara

La kwanza ni langu mwenyewe. Kabla sijarefusha mpira wala kuweka kamba, kizibo kiligoma kwenye psi 55. Nikangoja kidogo, nikaona kimya, nikamwambia mpwa wangu, "Subiri nikaangalie." Nilipofika hatua mbili ikafyatuka. Ilipita kando ya sikio langu la kushoto, na mlio niliusikia mpaka jioni. Roketi iliyojazwa haikaguliwi, haiguswi, haipigwi teke. Presha itolewe kwa kamba ukiwa mbali, na kamba ikikatika, ngojea robo saa, kisha gonga kizibo kwa mti mrefu ukiwa umejikinga nyuma ya kitu.

La pili ni tamaa ya psi. Kijana akiona 40 inavuka mkalitusi, anataka 80 ivuke mtaa. Ukitaka kwenda juu zaidi, punguza uzito, nyoosha mapezi, badilisha kiasi cha maji. Mstari mwekundu ni ile 40 ya hatua ya 8, na kwa chupa iliyokwisha ruka mara kumi hata 40 ni ya heshima.

La tatu ni kujaza maji nusu au zaidi kwa kudhani mengi ndiyo nguvu. Hewa inakosa nafasi, roketi inabeba mzigo wake yenyewe, inapanda kama mzee kwenye ngazi.

Ikigoma, tafuta hapa

Hakuna mapovu wakati wa kupampu: kichwa cha pampu hakijakaa sawa kwenye valvu, au moja ya klipu imelegea. Paka maji ya sabuni kwenye maungio, patakapotoa povu ndipo.

Maji yanachuruzika kwenye kizibo: lapa limekatwa dogo au lina pembe. Kata jingine. Usijaribu kuziba kwa selotepu.

Geji inapanda ghafla kwa mipigo miwili mitatu: hewa haifiki kwenye chupa. Mara nyingi mpira umejikunja mahali, au moyo wa valvu umekwama. Badilisha moyo, ni kitu cha shilingi chache kwa fundi wa pancha.

Inatoka kila mara kwenye presha tofauti: mdomo wa chupa una maji mara hii na mkavu mara ile. Lowesha kizibo kila mara kabla ya kuziba ili hali iwe moja. Baridi nayo inahusika. Nilipoipeleka kwa dada yangu Nakuru, asubuhi ya Julai, lapa lililokuwa likitoka kwenye 35 huku kwetu liligoma mpaka nikalegeza nati nusu mzunguko.

Inapanda ikizunguka kama pia: mapezi yamekaa mshazari. Kuzunguka kidogo si kosa, ila kukizidi kunakula urefu.

Inapinduka mara tu inapoondoka: pua nyepesi. Rudi hatua ya 6.

Maji yote yanakumwagikia: hilo si tatizo, umesimama mahali pasipofaa. Mita 6 nilizosema ni kutoka jukwaani mpaka kwenye pampu, na watoto wanaotazama waongeze nyingine 6 nyuma yako.